Kijiji Nilichokichora Kujazia Ramani

Mzee mmoja aliingia ofisini kwetu na riwaya mkononi, akauliza nani kachora kwao.

Nikacheka. Jamani, nilicheka!

Kazi yangu ni kuchora ramani za vitabu. Mwaka jana mtunzi mmoja aliniletea nchi yake ya kufikirika: falme tatu, milima inayotembea, bahari ya majivu. Nikaichora wiki tano. Ikabaki pembe moja tupu, chini kushoto.

"Jaza chochote, dada," akaniambia. "Huko hadithi haifiki."

Nikajaza. Mkono ulikwenda wenyewe. Mto uliopinda kama kiwiko, daraja, njia panda, nyumba nne, kisima. Nyuma ya kisima nikaweka nukta nene. Dakika kumi tu, bila kufuta hata mstari.

Sasa mzee huyu hapa.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hiyo nchi haipo."

"Haipo, kweli. Waliifunika kwa maji ya bwawa, huu mwaka wa thelathini na nane." Akaweka kidole juu ya ile nukta. "Na hapa pana nini?"

"Pambo tu."

"Hapo tulimzika mdogo wetu wa mwisho. Alitumbukia kisimani. Hatukuweka hata jiwe. Mwingine anayepajua ni dada yangu tu, naye alitoroka siku ya tatu ya msiba, watu walipomtupia lawama."

Nilikumbuka nilikokitoa kile kijiji.

Utotoni, nikikosa usingizi, mama alikuwa ananichora mgongoni kwa kidole. "Mto huu, unapinda. Daraja. Njia panda, shika kulia. Kisima." Halafu anabonyeza kidogo. "Na hapa mtoto amelala."

Miaka yote nilidhani mtoto ni mimi.

Na mama huyo huyo aliniambia hana ndugu, walikwisha wote.

Jumamosi nikampeleka mzee nyumbani bila kumwarifu mama. Kiherehere changu. Tulimkuta uani anaanika nguo. Alipomwona mgeni, beseni likamtoka.

"Kaka, nisamehe." Akapiga magoti pale pale kwenye maji. "Kile kisima, nadhani sikukifunika."

Mzee akatikisa kichwa.

"Ulikifunika," akasema. "Mimi ndiye niliyechota baada yako, nikakiacha wazi. Waliposema ni wewe, nikanyamaza."

Nilisubiri wakumbatiane, walie, nami nilie. Wapi!

Mama akainuka taratibu, akakamua gauni lake.

"Siku naondoka ulikuwa umesimama mlangoni," akasema. "Uliniona na furushi kichwani. Ulinitazama mpaka nikaisha machoni."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane, dada. Niliogopa."

"Mimi nilikuwa na kumi na minne."

Akaingia ndani. Komeo likalia.

Mzee alikaa kibarazani mpaka nguo zote kwenye kamba zikakauka. Hakufunguliwa. Nikamsindikiza barabarani.

Juzi nikamuuliza mama kama nimlete tena.

"Mwambie nimemsamehe," akanijibu, huku akitazama ukuta. "Ila asije."

Ndugu zangu, ukiona mwenzako anabebeshwa kosa lako, sema siku ile ile, hata sauti ikitetemeka. Ukichelewa unaweza kusamehewa, na bado mlango usifunguliwe.