Maziko Bila Watani

Watu husema mimi ni mkali. Sikatai. Lakini hasira niliyokuwa nayo juu ya shoga yangu mwaka ule niliofiwa na mume haikuwa ile ya kila siku, maana ile ya kila siku huisha kabla ugali haujaiva.

Tulikuwa Kigwa, enzi zile za kuhamishiwa vijijini. Tulitolewa kwenye maboma yetu ya zamani huko porini, tukapangiwa nyumba kwa mistari. Nyumba iliyofuata yetu walipewa mtu na mkewe kutoka Kanyenye, mjini Tabora. Mume aliletwa kusimamia duka la kijiji. Mke alikuwa mtu wa mjini hasa, kanga zimepigwa pasi, udi kila Ijumaa, na mimi Mnyamwezi wa jembe. Nikajua hatutawezana. Wee, tukashibana! Alinifundisha kukanda maandazi, nikamfundisha kupalilia karanga, na kila alipozing'oa pamoja na magugu nilimsema mpaka akacheka.

Mume wangu alikuwa kwenye genge la reli, wale wa kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli. Wenzake wengi walikuwa Wagogo, watani wetu. Utani wenyewe ni wa tangu misafara. Babu zetu walipita Ugogo na pembe mabegani, na Wagogo wakawazuia njiani wakidai hongo. Basi kila siku ya Mungu mume wangu alidaiwa hongo. Walikula chakula chake wakasema ni ushuru wa babu yake. Naye aliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mwenye watani wa namna hiyo anajua atakavyozikwa. Watajilaza mbele ya jeneza, wagome lisipite mpaka watolewe kuku. Mmoja atavaa koti la marehemu na kutembea kama yeye, mwingine atamwita mwizi na mvivu. Na wewe mfiwa, hapo ulipokauka machozi, utacheka bila kutaka, na kile kilichokukaba kooni kitashuka kidogo. Mume wangu alichechemea mguu wa kulia, na nilijua kabisa ni nani angemwigiza.

Homa ilimchukua kwa siku chache tu. Nilikaa ndani na wanawake, kanga kichwani, nikisikia wanaume wakisoma dua nje. Jeneza likainuliwa. Nikatega sikio. Nilisikia miguu ikienda, ikienda, ikapotea, na hakuna aliyecheka. Jamani, niliumia. Nikasema kumbe hawakumpenda. Miaka yote wanakula chakula chake, halafu siku ya mwisho wanampeleka kama maiti iliyookotwa njiani.

Nilikaa eda na sumu hiyo moyoni. Nilipotoka, Wagogo wale walinisalimu wakipita na toroli lao, sikuitika. Mwishowe mkubwa wao akaja mlangoni, na kwa upole usio wa mtani hata kidogo akaniuliza, shemeji, tumekukosea nini? Nikamtapikia yote. Akainamisha kichwa. Akanieleza kwamba siku ile walikuja, mmoja wao amekwisha kuvaa koti la kazi la mume wangu, lakini jirani yangu aliwazuia njiani huku analia, akawasihi kwa jina la Mungu wasinifanyie dhihaka. Wao wakadhani nimemtuma mimi.

Sikuvaa hata viatu. Nilimkuta shoga yangu anapeta mchele. Hakukana. Akaniambia jambo ambalo alikuwa hajawahi kulitamka mbele yangu. Kabla ya kuja Kigwa alizika mtoto, mwanawe wa pekee, na watani wa ukoo wakamwigiza mtoto yule alivyokuwa akikohoa. Aliwaomba wanyamaze, na hakuna aliyemsikiliza. Akaapa kwamba mtu wake wa karibu hatapitishwa pale tena.

"Nilikufanyia nilichotamani nifanyiwe mimi," akasema.

"Basi siku ile ulimzika mwanao," nikamwambia. "Mume wangu bado hajazikwa."

Lilikuwa neno baya, na nilikusudia liwe baya. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulikaa muda mrefu hatusemezani, na kisima chetu ni kimoja. Kilichonikera zaidi ni kwamba sikuweza kumlaumu nikamaliza. Kila nikikasirika namwona amesimama peke yake mbele ya genge zima la wanaume, mwanamke yule aliyeogopa hata mbuzi, kwa ajili yangu. Ndugu zangu wa damu wasingethubutu. Alinipa kitu alichokililia yeye mwenyewe akakikosa. Sasa mtu wa hivyo utamfanya nini? Tukapatana kidogo kidogo, kwa kuombana chumvi na kaa la moto, lakini jambo lile hatukuligusa tena.

Kisha mumewe naye akaanguka dukani asubuhi moja, na hakuinuka. Nilifika wa kwanza. Nikawapokea wanawake, nikatandika mikeka, na akili yangu yote iko kwenye jambo moja tu. Marehemu naye alikuwa Mnyamwezi, ingawa wa mjini, na Wagogo walikuwa wakimdai hongo ya sukari kila wakija dukani. Lazima wangekuja.

Nikajiambia sitakosea kama alivyokosea yeye. Mimi nitauliza. Nikamshika mikono, nikamnong'oneza, watani wakija, unataka wapite au warudi? Alinitazama kama hanifahamu. Nikarudia. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Hapo nikashtuka, maana niliikumbuka siku yangu. Hata kama angekuja kuniuliza, ningemjibu nini? Nilikuwa sijui hata nimekalia nini.

Nikatoka nje. Wagogo walikuwa wamefika, na yule mkubwa wao akasimama mbele yangu akisubiri neno. Wallahi moyo wangu wote ulitaka kusema piteni. Nilitaka kusikia kelele zao, nilitaka nyumba ile ipumue. Lakini nikasema moyoni hapana, hayo ni matakwa yangu mimi. Nikamfikiria yeye, na mtoto wake, na kikohozi kile. Nikawaambia warudi. Wakarudi, jeneza likapita kimya, na mimi nikajiona mtu mzima kwelikweli, niliyejifunza kumtendea mwenzangu apendavyo yeye.

Siku ya kuanua matanga, watu walipotawanyika, nilibaki nasugua masufuria. Yeye alikaa kwenye mkeka karibu yangu. Tangu msiba alikuwa hajatamka neno zaidi ya kuitikia salamu.

"Shoga," akasema, "wale Wagogo wa genge walikuwa safarini?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Mwenzangu aliwapenda sana wale," akasema. "Nilitega sikio mpaka jeneza likafika mbali. Nilijua ni wewe uliyeko nje, utawaachia wapite."