Mstari wa Mtu Mwingine kwenye CV Yangu

Mpaka leo nikimsikia mtu anayeomba kazi akijiita "mchapakazi" nasikia kinyaa. Neno hilo nilipewa Ilomba, Mbeya, kwenye stesheneri moja ya kuchapa na kutoa kopi, pamoja na "mbunifu" na "anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Mwenye stesheneri aliyagawa kwa kila aliyeingia, awe amemaliza chuo au amefukuzwa.

Nilikuwa nimetoka Iringa na diploma ya ugavi, nimefikia kwa shangazi. Kampuni moja ya mpunga Chimala ilikuwa imetangaza nafasi ya mtunza ghala, na shangazi alishaniambia, kwa ule upole wake unaouma, kwamba nikiikosa hiyo nirudi nyumbani nikalime. Niliandika CV yangu kwa mkono, polepole. Kwenye uzoefu niliweka kitu kimoja, cha kweli: misimu mitatu nilitunza ghala la mahindi la kikundi cha akina mama kijijini kwetu, nyuma ya Tosamaganga.

Mwenye stesheneri alisoma, akacheka kwa pua.

"Dada, nani atakuajiri kwa ghala la akina mama? Hii wataitupa. Subiri nikutengenezee."

Hakufungua ukurasa mpya. Alifungua CV ya mteja mwingine, akafuta jina, akaweka langu. Akafuta shule, akaweka zangu. Wadhamini akaweka paroko wetu na mwalimu wangu wa chuo. Alipofika kwenye uzoefu, hakufuta kitu. Ikawa nimefanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, miezi sita kwenye ghala la kampuni fulani Mbeya mjini, chini ya msimamizi ambaye hata sura yake siijui.

"Na huyu mwenyewe?" nikamuuliza.

"Ana shida gani ukiazima mstari wake mmoja?"

Ningeweza kukataa. Ulimi nilikuwa nao. Badala yake nilimwomba aninyooshee picha, maana ilikuwa imekaa upande. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote. Macho ya kuona picha iliyopinda nilikuwa nayo.

Chimala tulikaa sita kwenye benchi nje ya ofisi. Jirani yangu alikuwa binti wa Mbeya, sketi yake nyeusi inang'aa kwa kupigwa pasi mara nyingi. Tulikunywa maji chupa moja. Meneja, bwana mnene anayechokonoa meno huku anaongea, akatuita sisi wawili kwa pamoja, akatupa karatasi mbili mezani.

"Uzoefu uleule, maneno yaleyale, mpaka nukta. Huyo msimamizi nimempigia mara tatu, simu imezimwa. Mmoja wenu mwizi. Nani?"

"Mimi nilikuwa pale, mzee," binti akasema.

Mimi nilinyamaza. Kunyamaza kwangu nako kulikuwa uongo, na niliusikia mdomoni, mchungu kama shubiri.

Meneja akatusogezea bakuli la mpunga. "Huu umeletwa asubuhi. Mtajuaje kama umekauka?"

Binti alisema kuna mashine ya kupimia, ila hakuwahi kuigusa. Mimi nilichukua punje, nikaimenya kwa kucha, nikaiuma. Haikupasuka, ilibonyea. Nikasema bado mbichi, na kama lingekuwa gunia ningezamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukikuta joto katikati, ujue limeshaanza kuharibika. Yote hayo nilifundishwa na wale akina mama, kwenye ghala lile lile alilolifuta mwenye stesheneri.

Meneja akatabasamu, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni. Kisha akamgeukia binti.

"Toka. Na wenzangu wanaonunua mpunga barabara hii yote nitawaambia jina lako."

Nilipotoka nikiwa na kazi, nilimkuta amekaa kwenye ngazi, anakunja CV yake. Hakulia. Afadhali angelia, au angenitukana.

"Dada, wewe pale hukuwepo," akasema. "Lakini kazi unaijua. Mimi nilikuwepo, wakawa wananituma chai miezi sita."

Nikamwambia pole. Pole! Kana kwamba kajikwaa. Mlango wa ofisi ulikuwa hatua nne nyuma yangu, uko wazi, na meneja nilimsikia akiguguna kitu. Sikurudi. Nilipanda gari la Mbeya, nikampelekea shangazi habari njema, akachinja kuku, na kuku yule nilimla.

Huu ni mwaka wangu wa tano ghalani. Juzi imetangazwa nafasi ya mkuu wa maghala, tukatakiwa tulete CV mpya. Safari hii niliandika mwenyewe. Ghala la akina mama nikaliweka juu kabisa, ile fildi nikaitoa. Nilijisikia mtu msafi, kwa siku mbili.

Afisa utumishi akailinganisha na faili langu.

"Fildi yako ya Mbeya mbona siioni? Si ndiyo uliyoajiriwa nayo?"

Nikamwambia nimesahau. Akanisogezea karatasi na kalamu. Nikauandika ule mstari kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuhitaji kutazama popote. Niliukumbuka wote, mpaka nukta.