Magoti Niliyomnyima Baba

Fulana ya kuzuia risasi tuliyopewa pale lindoni ilikuwa moja tu, na ilishonwa kwa mwanaume wa miraba minne. Mimi ni mfupi. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa akiivua naivaa, bado ina unyevu wa jasho lake, na kwa baridi ya Tukuyu asubuhi, weee, ilinishika mgongoni mpaka nasisimka. Kibao cha chuma cha mbele kilishuka hadi kwenye nyonga. Nikikaa kinapanda, kinanikaba koo. Mikanda ya ubavuni ilishachoka kunasa, nikawa naifunga kwa kipande cha kitenge. Nilipomlalamikia msimamizi wetu alicheka: "Vaa hivyohivyo dada, risasi haichagui saizi." Mjinga yule! Yeye alikuwa anakaa ofisini na sweta lake.

Basi nikajifunza kusimama wima mlangoni mwa benki, kutwa nzima. Majirani zangu wa Msasani, ile ya hapahapa Tukuyu, wakaanza kusema naringa. Ningeringa na nini? Hata kugeuza shingo ilikuwa kazi.

Baba yangu alikuwa na shamba la chai kule Ikuti. Siku moja alikuja benki kufuata malipo ya majani yake, amevaa koti lake la kanisani. Kwetu Wanyakyusa binti hamsalimii baba yake akiwa amesimama kama mlingoti. Unapiga magoti, unashusha macho, ndipo unafungua kinywa. Nimewahi kumpigia magoti njiani, kwenye matope, na mzigo wa kuni kichwani.

Alipofika mlangoni nilijaribu kushuka. Chuma kikanichoma nyonga na koo kwa pamoja, na nyuma ya baba palikuwa na foleni ya watu wananikodolea macho. Nikaacha. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mugonile, tata." Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Kisha akaitikia kwa sauti ndogo, akaingia ndani.

Maneno machache tu yangetosha: baba, hii fulana hainiruhusu kuinama. Sikuyasema. Niliona haya mbele ya wateja, nikajiambia mzee ataelewa mwenyewe.

Sasa sikia. Baba akiwa amekaa kwenye benchi anasubiri kuitwa, meneja wetu, kijana wa rika langu, akatoka ofisini akaangusha funguo miguuni pangu. Sikufikiri hata kidogo. Nilishika fremu ya mlango, nikapiga magoti yote mawili, chuma kikaniparua chini ya kidevu, nikaziokota na kumpa kwa mikono miwili. "Asante afande," akasema, akaenda zake. Nilipoinuka nahema, macho yangu yakakutana na ya baba. Alipomaliza shida yake alitoka kwa mlango uleule bila kunitazama.

Mchubuko wa kidevuni ulikaa wiki nzima. Na mimi nikanuna, eti mbona haoni ninavyoteseka! Nikakaa miezi mitatu bila kukanyaga Ikuti. Kiburi kibaya, jamani.

Siku nilipokwenda nilivaa gauni na kitenge. Nilimkuta baba uani, anachambua maharage. Kabla sijamkaribia akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo, afande," akasema.

Baba aliyenizaa, ananipa mimi shikamoo! Nilianguka magotini palepale nikilia, nikamweleza yote: saizi, chuma, koo, jasho la mwenzangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza taratibu, "Na meneja wako alipoangusha funguo, fulana ulikuwa umemwachia nani?"

Ile fulana ilinibana kweli, lakini kwa meneja nilivumilia maumivu, na kwa baba sikuvumilia.

Akanishika mkono akaniinua, tukaingia ndani tukala. Hakunifukuza, hakunisema kwa ndugu. Ila tangu siku ile mpaka tulipomzika, hakuniacha tena nimsalimie kwa magoti. Akiniona tu kwenye migomba ananiwahi, ananisalimia yeye kwanza kwa sauti kubwa, ananipa mkono kama mgeni wa serikali.

Mwaka huu tumeletewa fulana mpya, na yangu ni saizi yangu kabisa. Nainama nayo vizuri tu.