Akina Mama wa Bisil Katika Rejista ya Kitengela

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya afya pale Kajiado nilipewa meza, kabati lisilofungika, na cheo kirefu kuliko jina langu: Afisa wa Tathmini ya Teknolojia za Afya. Kwa lugha ya nyumbani, ni mtu wa kupima kifaa kipi kinafaa kununuliwa na kiende wapi. Nilikuwa nimetoka maabara, nikijiona msomi. Mungu anisamehe.

Mkurugenzi wa Mipango hakunikaribisha hata kwa chai. Aliniwekea mbele miongozo miwili. Wa kwanza ulilinganisha gharama na manufaa: kifaa kitawafaa wagonjwa wangapi kwa fedha zile zile. Wa pili ulitumia vigezo vingi, kila kimoja na uzito wake: ukali wa ugonjwa, umbali, nani amesahaulika.

"Njoroge, tuko na skani moja tu ya kubeba," alisema. Ni ile mashine ya kumwangalia mtoto akiwa tumboni. "Kitengela wanaitaka, na kuna dispensari kule Bisil pia inaitaka. Kamati inakaa Ijumaa. Niletee jina moja."

Nilichagua mwongozo wa kwanza kwa sababu ulikuwa mwepesi. Nilikusanya rejista za akina mama waja wazito nikahesabu waliopata matatizo. Kitengela walijaza kurasa na kurasa. Bisil walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Jumatano nikasaini ripoti na kuikabidhi, nikala chakula changu vizuri kabisa.

Alhamisi nilienda kurudisha rejista. Nilianzia Bisil, ya Kitengela ikiwa bado mkobani. Sista Naisiae, muuguzi wa pekee pale, alinisalimu, "Supa." Nikaitikia, "Ipa," kwa majivuno ya mtu anayejua neno moja la Kimaasai. Akauliza ripoti imesema nini. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliomba rejista ya Kitengela, akaanza kupitisha kidole.

"Huyu ni wangu. Huyu pia. Huyu nilimtuma na pikipiki, damu ikitoka. Mama akinishinda hapa simwandiki, daktari. Fomu haina mahali ya wale tunatuma. Anaandikwa na wale wamempokea."

"Na asiyefika?"

"Huyo haandikwi na mtu."

Nilikuwa nimewahesabia Kitengela wagonjwa wa Bisil, kisha nikaandika kwamba Bisil hakuna wagonjwa.

Ijumaa niliingia kwenye kamati na mwongozo wa pili, nimeujaza kwa kalamu asubuhi ile. Kwa vigezo vyake Bisil ilikuwa mbele. Mkurugenzi aliinua ripoti yangu ya Jumatano.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, mkubwa, lakini nime—"

"Ni yako. Basi keti, Njoroge. Tuko na mambo mengi leo."

Nikaketi. Skani ikaenda Kitengela.

Wiki chache baadaye Naisiae alinipigia simu. "Nimechora safu kwa rula, ya wale hawakufika. Leo nimeandika wa kwanza." Akanitajia jina la yule mama. Nikamwomba anitumie ukurasa wenyewe.

Nilimpelekea Mkurugenzi ukurasa ule. Aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena, na mashine iliyofuata ikaenda Bisil. Baadaye nilihamishiwa Loitokitok, kisha Kitengela, na kote niliwauliza wauguzi kwanza: umemtuma nani, na nani hakufika? Safu ile ikaingia katika fomu zetu. Nilipostaafu walinisifu kwa hilo, nami nikatazama sakafu.

Vijana wa ofisi hunijia na kompyuta zao wakiuliza ni mwongozo upi bora. Nawaambia yote miwili ni mizuri, na yote miwili hula kile mnachoilisha. Hilo ni kweli, lakini si ndilo linaloniuma. Majuto ni mjukuu, na wangu amekuwa mtu mzima. Katika chumba kile cha kamati, mtu aliyejua habari za akina mama wale alikuwa mmoja tu. Aliambiwa aketi, akaketi.