Mguu wa Bibi Anayeruka Kamba

Wanafunzi wa sanaa walimwita Pima Tena, wala si kwa ubaya. Kila ubao aliupima mara mbili, na kabla hajashika msumeno alijiambia kwa sauti, "Pima tena," akaupima mara ya tatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa seremala wa idara ya sanaa pale chuo kikuu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya ukumbi wa maonyesho, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Wakuu wa idara walikuwa wamebadilika watano, naye yupo palepale, penseli sikioni, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi.

Wiki ya mwisho wa muhula hakuwa na muda hata wa kujikuna. Wachoraji walitaka fremu, wacheza dansi walitaka jukwaa liongezwe hatua mbili mbele, wanamuziki wakasema kinanda kinayumba. Kila aliyeingia karakana alikuja na maneno yaleyale: "Fundi, ni kitu kidogo tu." Pima Tena alinung'unika, akatikisa kichwa, akasema safari hii hapana, halafu akakifanya.

Ijumaa, siku yenyewe ya maonyesho, saa mbili asubuhi, alikuwa ndiyo kwanza anamimina chai aliposikia kishindo ukumbini. Kisha sauti ya msichana ikalia, "Mama yangu!"

Aliacha kikombe, akatoka mbio kama kijana.

Katikati ya ukumbi alikuta wanafunzi wanne wamesimama, mikono vichwani. Chini yao, binti mmoja wa mwaka wa tatu, mfinyanzi, alikuwa amepiga magoti anaokota vigae. Muhula mzima binti huyu alifinyanga sanamu moja: bibi yake mzaa mama, mkubwa kama mtu, anaruka kamba. Mguu mmoja umekunjwa hewani, mwingine umekanyaga kwa ncha ya kidole, kitambaa kichwani kimeenda upande, na uso mzima unacheka. Aliichoma kwenye tanuri vipande vipande, akaviunganisha juu ya nondo. Walipokuwa wakiipandisha kwenye kiweko, iliteleza. Mwili ulisalimika. Mguu uliokanyaga chini, kuanzia goti hadi kidoleni, ulisagika. Ilibaki nondo tupu, nyembamba kama mguu wa korongo.

"Mtahini wa nje anakuja saa tisa," binti alisema bila kuinua uso. "Nimekwisha."

"Hujaisha, mwanangu," Pima Tena alisema. "Mguu ndio umeisha. Udongo unao?"

"Ninao, lakini kuukausha na kuuchoma ni siku sita."

Fundi alichuchumaa, akavaa miwani, akaitazama ile nondo. Akaizungushia vidole viwili. Akainuka.

"Basi tutampa wa mti. Nyinyi wanne, mnajua kuangusha, sasa mtajua kubeba. Nileteeni meza yangu."

Meza yake ya kazi ilikuwa nzito kama gari bovu, imejaa makovu ya msumeno na madoa ya rangi za miaka yote hiyo. Waliiingiza ukumbini kwa kuhema na kubishana, kwa sababu sanamu haikuwa ya kusogezwa tena. Fundi akachagua kipande cha mti mwekundu uliokauka vizuri, akakipasua katikati ili vile vipande viwili viikumbatie nondo. Akachukua patasi, kisha akasita.

"Mguu wa bibi yako ukoje?"

"Mwembamba," binti alisema. "Una msuli huku nyuma. Halafu hapa kwenye kifundo pana... sijui nisemeje."

"Kazi ya sijui-nisemeje siifanyi mimi. Yuko wapi bibi mwenyewe?"

Binti alitoa simu, akampigia bibi kwa video. Baada ya muda kioo kilijaa sikio moja kubwa, halafu pua, halafu uso wa mwanamke mzee mwenye macho makali.

"Shikamoo bibi," fundi alisema, ingawa bibi hakumzidi sana kwa umri.

"Marahaba. Wewe nani?"

Binti alieleza mkasa wote kwa pumzi moja, akaishia kulia. Bibi alisikiliza, kisha akaangua kicheko hata simu ikamtikisika mkononi.

"Yaani nimevunjika mguu na mimi nimekaa hapa nachambua mboga? Haya, mnataka nini?"

Fundi alikohoa. Alitazama dari, akatazama viatu vyake. "Bibi, samahani sana. Tunaomba kuuona mguu. Wa kushoto. Chini ya goti tu."

Wale wanafunzi wanne waligeukia ukutani, mabega yakiwatetemeka.

"Miaka sabini na tatu," bibi alisema, "hajatokea mwanamume wa kuniomba picha ya mguu, leo ndiyo amekuja na patasi. Una mke, wewe?"

"Ninaye, bibi."

"Basi mwambie mapema, asije kusikia kwa watu. Mwambie nimeonyesha kwa ajili ya masomo."

Akapandisha sketi hadi gotini, akaegemeza simu kwenye sufuria, akanyanyuka kwa ncha ya kidole kama anavyotakiwa kuwa kwenye sanamu, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko wanavyoweza wengi wa rika lake. Fundi alichora ubaoni kwa penseli, haraka haraka. Aliona msuli. Aliona uvimbe mdogo kwenye kifundo, wa mahali palipowahi kuteguka zamani pakapona.

"Nilianguka mtini nikiwa na miaka tisa," bibi alisema kabla hajaulizwa. "Usije ukapasahau hapo."

Alichonga hadi saa sita bila kusimama. Binti alishika tupa na msasa, akalainisha alipoelekezwa. Walipaka gundi, wakavifunga vile vipande kwa vibano, wakakaa sakafuni wakisubiri, wakala mkate wa fundi nusu kwa nusu. Saa nane kasoro robo wakafungua vibano. Bibi alisimama. Fundi alimsukuma kidogo begani kwa kidole. Hakutikisika.

Binti alikuwa amekwisha koroga rangi ya udongo ili kuficha ule mti. Alichovya brashi, akaisogeza, akairudisha.

"Niufiche kwa nini?" alisema. "Angalia ulivyo mzuri."

"Alama zako, mwanangu."

"Acha uonekane."

Wakati huo milango ikafunguliwa na wageni wakamiminika: wazazi, walimu, wanafunzi wa vitivo vingine waliokuja kupoza macho. Wale vijana wanne walikuwa wameshakimbilia mazoezi ya dansi, kwa hiyo meza ilibaki palepale, imejaa makapi ya randa. Bwana mmoja mwenye suti alisimama mbele ya meza hiyo, kichwa upande, akamwambia mkewe, "Hii nayo ina ujasiri." Pima Tena alitaka kumwambia ukweli, lakini yule bwana alikuwa ameshainama kuisoma miguu ya meza, na ilikuwa dhambi kumkatiza. Baada yake watu wengine watatu walijipanga.

Saa tisa mtahini akafika, mwanamke mfupi asiyetabasamu ovyo, akifuatana na mkuu wa idara. Mkuu wa idara alipouona mguu wa mti, uso ulimshuka. Mtahini aliizunguka sanamu mara mbili.

"Nieleze kazi yako," alimwambia binti.

Binti alieleza. Alipofika gotini, hakuzunguka mbuyu. "Kuanzia hapa si kazi yangu. Ulivunjika asubuhi. Mguu amechonga fundi wetu, mimi nimesugua msasa tu."

"Fundi yuko wapi?"

Pima Tena alikuwa nyuma ya nguzo. Akajitokeza, makapi ya mbao kwenye nywele.

"Kwa nini nyuzi za mti umezisimamisha wima?" mtahini akamuuliza.

"Bibi anaruka, mheshimiwa. Uzito wote unashukia hapa. Ningezilaza, angeanguka mbele yako."

Mtahini aligusa kile kifundo chenye uvimbe. Aliandika kitu, akakifuta, akaandika tena. "Alama nitatoa kwa sanamu bila mguu," alisema hatimaye, "na hata bila mguu ni kazi bora kuliko zote nilizoziona leo. Mguu siwezi kuupa alama, fundi si mwanafunzi wangu. Ila hii kadi ya jina la msanii si sahihi. Iandikeni upya."

Binti alimrukia fundi shingoni hata miwani ikakatika uzi. Kisha akachukua kalamu na kadi mpya, akaandika jina lake, akageuka.

"Mzee, jina lako nani?"

Walicheka wote, kwani hata mkuu wa idara hakulijua. Pima Tena alilitaja polepole, lake, la baba yake na la babu yake, na binti akayaandika yote matatu. Fundi alisimama akiisoma kadi ile kana kwamba ni barua ndefu. Halafu akatoka nje, akampigia mkewe, mkunga wa zahanati ya jirani aliyekuwa anamaliza zamu.

"Njoo chuoni. Vaa lile gauni la bluu."

"Umejikata kidole gani?" mkewe akauliza.

"Sijajikata. Njoo tu. Halafu kuna bibi mmoja amenionyesha mguu leo, nitakueleza."

Mkewe alifika akiwa na gauni la bluu na maswali mengi. Alipoonyeshwa sanamu na kadi, maswali yakamwisha. Aliupapasa ule mguu kuanzia gotini, kwa mkono wa mtu aliyezoea kushika watu, akasema, "Uliteguka huu," na mumewe akajiona amelipwa.

Saa kumi na mbili jioni wakaingia wote kwenye onyesho la dansi. Miaka yote fundi alikuwa akilitazama onyesho kutoka nyuma ya pazia, bisibisi mkononi, akisubiri kiharibike kitu. Leo binti aliwashikia viti mstari wa pili. Ngoma zikaanza, vijana wakaruka, na Pima Tena akakodoa macho sakafuni, akihesabu viungo vya jukwaa.

Mkewe akamfinya paja. "Tazama watu wewe, usitazame mbao!"

Akainua macho. Kulikuwa na vijana ishirini pale juu, wametoa jasho, wanacheka, hakuna hata mmoja aliyegusa chini. Akaanza kupiga makofi kabla ya wenzake, na hakujali.