Msusi Anayesuka Huku Akinoa Kiingereza

Saa tatu asubuhi, saluni inanukia mafuta ya nywele. Msusi amesimama, vidole vinakimbia kichwani kwa mteja. Mteja, kamusi mapajani, anamuuliza: "Haya, 'reluctant'?"

"Mwenye kusitasita," msusi anajibu bila kuinua macho. "Kama wewe nilipokwambia tupunguze ncha."

Saluni nzima inaangua kicheko.

Hapa wanamwita Mama Msamiati. Ni mama wa watoto wawili, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipougua. Miaka miwili iliyopita aliomba kusomea ukufunzi wa ususi katika chuo cha ufundi. Masomo ni kwa Kiingereza, na mtihani wa kuingia ukamwangusha.

"Kiingereza cha kuombea maji nilikuwa nacho," anasema. "Kile cha vitabuni kilinipiga chenga."

Akaanza kuokota maneno magumu redioni na kuyatumia hovyo. Siku moja alimsifu mteja wake, mwalimu mstaafu, mbele ya wanawake wote kwamba ni 'notorious'. Alidhani maana yake ni mtu maarufu tu. Kumbe ni maarufu kwa mabaya!

"Mwalimu aliinuka, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akatoka," anakumbuka. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Jioni mwalimu akarudi, kitambaa kichwani, kamusi kwapani.

"Mwanangu," alimwambia, "malizia kichwa changu, nami nimalizie Kiingereza chako."

Tangu siku hiyo, kila anayesukwa hukabidhiwa kamusi amuulize maswali. Mume wa Mama Msamiati, fundi bomba, naye hakusalimika.

"Nikichelewa kurudi naambiwa mimi ni 'elusive', mtu asiyeshikika," analalamika huku akicheka. "Sasa nijitetee kwa lugha gani?"

Mwezi uliopita mkewe alirudia mtihani. Amefaulu. Matokeo yalipoingia kwenye simu, mikono yake ilikuwa imejaa mafuta, hivyo mteja ndiye aliyemsomea.

"Nilikaa sakafuni nikalia. Binti yangu akadhani tumefiwa!"

Masomo yanaanza karibuni: asubuhi chuoni, jioni saluni. Akihitimu, anataka kuwafundisha wasichana walioacha shule kama yeye.

"Nataka watoke kwangu wakijua kusuka na kujieleza popote," anasema, kifua mbele. "Mikono ifanye kazi, na mdomo usiogope mtu."