Anataka kumpangishia mama nyumba ya mama mwenyewe

Jamani, leo nimeona mtu asiye na haya hata chembe.

Mnajua tangu nirudi Kigali kutoka Bukoba baada ya vita, nimepanga hapa Nyamirambo kwa bwana anaitwa Silas. Aliniambia nyumba ni ya kaka yake. Kodi anapandisha kila akijisikia.

Asubuhi akabisha hodi mama mmoja mtu mzima, Mama Beata, na kifurushi cha nguo.

"Mwanangu, usiogope. Nyumba hii tulijenga mimi na marehemu mume wangu. Ndiyo kwanza nimetoka kambi ya wakimbizi."

Akaniambia mlango wa jikoni haufunguki mpaka uunyanyue kwanza. Ni kweli kabisa.

Nikamwita Silas. Redioni serikali inasema kila siku: mwenye nyumba akirudi, apishwe. Nikadhani ataona aibu.

Akamtazama mama, akasema, "Kuna chumba cha uani. Nitakufanyia bei nzuri."

Bei nzuri. Kwenye nyumba yake!

Mama Beata aliketi kwenye ngazi, akavua viatu.

Nikamwambia Silas kodi yangu sasa nampa mama, na akibisha twende wote kwa konseye, kiongozi wa sekta yetu.

Akanywea. Akaenda getini, akafungua kufuli, akalitia mfukoni.

"Hili nilinunua mimi."

Sasa mama amelala chumbani, mimi nimehamia uani, na geti tumelifunga kwa kamba.

Ninyi mngemwambia nini mtu yule?